Kutoka Kagunguli Kuizunguka Dunia

Wapenzi wa kusoma wana safari yao isiyohitaji pasi wala nauli ya meli. Huikunjua ramani ya dunia, wakatafuta kitabu kimoja kutoka kila nchi, na wakasoma kimoja baada ya kingine mpaka ramani yote iishe. Mwaka 2012 mwandishi wa Kiingereza Ann Morgan, akiwa London, aliifanya safari hiyo kwa nchi 196 katika muda wa mwaka mmoja. Vitabu vyote alivisoma kwa Kiingereza. Na pale tafsiri ilipokosekana, kama ilivyokuwa kwa kisiwa cha São Tomé, watu wa kujitolea walimfasiria kitabu ili safari isikatike.

Ni safari njema, na wengi wameifuata. Lakini ina swali ndani yake. Msafiri wa namna hiyo akifika Tanzania atashukia bandari gani? Sheria yake ni nchi moja, kitabu kimoja. Je, achukue kitabu kilichoandikwa kwa Kiingereza na Mtanzania aliyehamia ng'ambo? Achukue cha Kiswahili? Au achukue kile kilichoandikwa kwa mojawapo ya zile lugha zaidi ya mia moja ambazo watu wa nchi hii hulilia, hucheka na kuaguliana kwazo? Katika ufukwe wa Ziwa Viktoria, upande wa Mwanza, kuna kitabu ambacho historia yake inalijibu swali hilo vizuri kuliko mjadala wowote. Kiliandikwa Ukerewe, kisiwa kikubwa kuliko vyote katika ziwa hilo, na mwandishi wake alikuwa ameisoma dunia kabla dunia haijapata kumsoma yeye.

Ama kuhusu ziwa lenyewe, mambo yalianza kinyume. Dunia ndiyo iliyotangulia kulisoma. Tarehe 3 Agosti 1858 Mwingereza John Hanning Speke alifika Mwanza akitokea Tabora, akalitazama ziwa kutoka kilimani na akalipa jina la malkia wake. Wafanyabiashara wa Kiarabu na wa pwani waliomtangulia katika njia hiyo walikuwa tayari na jina lao: walilitaja ziwa zima kwa jina la kisiwa, Ukerewe, na jina hilo likaingia katika kitabu cha mwenzake Speke, Richard Burton, kilichochapishwa London mwaka 1860. Mwaka 1875 alikuja Henry Morton Stanley, akapiga kambi Kagehyi, akalizunguka ziwa kwa mashua, kisha akaitoa habari yake kitabuni mwaka 1878. Katika miaka hiyohiyo mfanyabiashara wa pwani aitwaye Songoro alikuwa na jahazi lake ziwani. Ugomvi baina yake na Lukonge, Omukama wa Wakerewe, ndio uliowaponza wamishionari wawili wa Kiingereza, Shergold Smith na O'Neill, waliouawa Ukerewe mwezi wa Disemba 1877.

Kwa hivyo, kisiwa hicho kilisomwa katika nyumba za London na New York kwa miaka mingi bila ya Mkerewe hata mmoja kuulizwa kama habari zake zimeandikwa sawa. Watu wake walikuwa wametiwa katika vitabu, lakini hawakuwa na kitabu.

Aniceti Kitereza alizaliwa huko mwaka 1896, mjukuu wa Omukama Machunda. Mapadri Weupe walikuwa na misheni yao Kagunguli, na hapo ndipo alipojifunza kusoma. Kisha alipelekwa seminari ya Rubya, ng'ambo ya pili ya ziwa upande wa Bukoba, alikokaa takriban miaka kumi hadi mwaka 1919. Huko alisoma Kilatini na Kigiriki, lugha mbili ambazo wasemaji wake wa kale walikufa kabla jina la ziwa lake halijaandikwa kokote. Kijerumani alikipata kutoka kwa watawala wa kwanza, Kiingereza na Kifaransa akavijua pia, Kiswahili kikiwa lugha ya njiani na ya kazini, na Kikerewe kikibaki pale pake, lugha ya nyumbani.

Inafaa kutua kidogo hapa. Mtu huyu hakuzaliwa mjini, hakusoma chuo kikuu, na maisha yake yalipita katika ufukwe wa ziwa moja. Alifanya kazi Mwanza katika kampuni ya biashara ya Kiitaliano mpaka Vita vya Pili vya Dunia vilipoivunja biashara hiyo, naye akarudi Kagunguli. Wanaoizunguka dunia kwa vitabu leo huizunguka kwa lugha moja, na dunia huwajia ikiwa imekwisha kufasiriwa. Kitereza alikwenda kwa namna nyengine. Alizifuata lugha kwao, akaingia kila nyumba kwa mlango wake. Alipata kuona kwa macho yake kwamba Warumi na Wayunani nao walikuwa watu wa kufuga, kulima, kuoa, kuomba mvua na kuwalilia wafu wao, na kwamba kilichowabakisha hai ni kuwa mtu fulani aliyaandika hayo kwa lugha yao wenyewe.

Rafiki yake, Padri Almas Simard kutoka Kanada, alipendezwa na mila na methali za Wakerewe. Yeye ndiye aliyemhimiza Kitereza asiishie kukusanya mila katika orodha, bali azitie ndani ya hadithi ambayo watu watapenda kuisoma. Ushauri huo ulikuwa wa busara. Orodha ya mila husomwa na mtafiti. Hadithi husomwa na mjukuu. Kitereza akaanza kuandika, na mwezi wa Februari 1945 akamaliza. Lugha aliyoichagua haikuwa Kilatini, wala Kiingereza, wala Kiswahili. Aliandika kwa Kikerewe.

Kisa chenyewe ni cha mume na mke, Myombekere na Bugonoka, wanaoishi kabla ya kuja kwa wakoloni. Wanapendana, lakini hawana mtoto. Wazee wa mke wanamchukua binti yao kumrudisha nyumbani, na mume anabaki na nyumba isiyo na moto jikoni, akipika mwenyewe mbele ya macho ya majirani. Ili ampate tena mkewe hana budi kwenda kwa wakwe, kuomba radhi na kulipa faini ya pombe ya ndizi. Baadaye wanakwenda kwa mganga, na hatimaye wanapata mtoto wa kiume, Ntulanalwo, na wa kike, Bulihwali. Majina yenye mauti na huzuni ndani yake, kama wanavyopewa watoto waliozaliwa katika nyumba yenye hofu ya kuwapoteza. Katikati ya hayo msomaji anafundishwa namna ya kulima, kuvua, kutega, kukaribisha mgeni, kupika pombe na kuzika. Anayeujua mwenendo wa Kitereza mwenyewe hawezi kuyasoma hayo kwa wepesi. Yeye na mkewe, Anna Katura, waliooana mwaka 1919, walizaa watoto na wote wakafa wadogo. Katika nchi ambayo ndugu wangeliweza kumshauri aoe tena, alibaki naye.

Kitabu kikawa tayari, na msomaji hakuwapo. Hapa ndipo ilipo mashaka ya historia hii. Padri Simard alichukua mswada kwenda nao Kanada kuutafutia njia, lakini alifariki kabla ya kuipata. Wachapishaji walikuwa na hesabu yao: wanaosoma Kikerewe ni wachache, na kitabu ni kinene. Hakuna aliyesema kuwa ni kibaya. Kilikataliwa kwa sababu ya idadi ya watu waliozaliwa katika lugha yake. Mwandishi aliyejua lugha za mabara mawili alikuwa na hazina ya kurasa mamia, na hazina hiyo ikakaa ndani ya nyumba yake kwa zaidi ya miaka ishirini.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 mwanahistoria wa Kimarekani, Gerald Hartwig, alikuja Ukerewe na mkewe Charlotte kuchunguza biashara ya masafa marefu ya Wakerewe. Walimkuta Kitereza, wakaujua mswada wake, na wakamwambia jambo ambalo kwa mwandishi yeyote ni gumu kulisikia: kitabu kinaweza kuchapishwa kama kitageuzwa kuwa Kiswahili. Mzee huyo, aliyekwisha kupita umri wa miaka 70, akaketi kukiandika upya chote kwa mkono wake. Mwaka 1980 Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam ikakitoa kwa jina la *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali*. Kilipigwa chapa China. Mwezi wa Aprili 1981, kabla ya nakala kumfikia, Kitereza alifariki dunia. Tokea siku aliyomaliza kuandika ilikuwa imepita miaka 36.

Wasomaji wa pwani wana haki ya kujiuliza Kiswahili kilifanya nini katika mambo haya, kwani Kiswahili ni lugha yao kabla ya kuwa ya taifa. Kwa muda mrefu bandari hii ilipokea mizigo kuliko ilivyopakia. Mwaka 1929 Frederick Johnson alitoa *Mashimo ya Mfalme Sulemani* na *Kisiwa Chenye Hazina*, na watoto wa skuli kutoka Lamu hadi Mwanza wakaizunguka dunia kwa vitabu hivyo. Ilikuwa dunia, bila ya shaka, lakini dunia kama ilivyoonekana kutoka dirisha moja la London. Hata Afrika waliyoisoma humo ilikuwa Afrika ya Waingereza wanaotafuta almasi. Baada ya uhuru madirisha yaliongezeka. Julius Nyerere, mtu wa Butiama, si mbali na ziwa hilohilo, alifasiri tamthilia mbili za Shakespeare, ya kwanza mwaka 1963 na ya pili 1969, akionyesha kwamba Kiswahili kinaweza kubeba mzigo wowote. Mwaka 1973 Chinua Achebe wa Nigeria alisomeka kwa jina la *Shujaa Okonkwo*, tafsiri ya Clement Ndulute. Mwaka 1978 Frantz Fanon, mtu wa Martinique aliyeandika kwa Kifaransa juu ya Aljeria, akaingia kwa jina la *Viumbe Waliolaaniwa*.

Mmoja wa waliomfasiri Fanon alikuwa Gabriel Ruhumbika, naye ni mzaliwa wa Ukerewe. Alisoma Makerere na Paris, akaandika riwaya kwa Kiingereza kisha akahamia Kiswahili, na miaka mingi ya kazi yake aliifanya Marekani. Visiwa vina tabia hiyo. Mwenye kuzaliwa kisiwani hujua tangu utotoni kwamba kila kitu, hata chumvi na barua, huja kwa chombo. Basi haoni ajabu kwamba fikira nazo zivushwe kwa chombo.

Wa tatu wao ni Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944, akasoma seminari ya Nyegezi nje kidogo ya mji wa Mwanza, kisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. *Rosa Mistika* ya mwaka 1971, iliyopigwa marufuku maskulini kwa muda, inaanzia kisiwani kwao. Katika *Kichwamaji* (1974) wahakiki wameona athari ya Camus na Sartre, na si vigumu kuiona: kijana msomi wa Ukerewe anaukuta utupu uleule uliowakuta vijana wa Ulaya baada ya vita. Lakini watu wa pwani walimjua zaidi kwa *Kichomi*, diwani yake ya mwaka huohuo wa 1974, iliyotoka bila ya vina wala mizani. Mzozo uliofuata unakumbukwa hadi leo. Wako waliosema kwamba hayo si mashairi bali ni nathari iliyokatwakatwa, na kwamba mshairi huyo ameazima kwa Wazungu na kuuza kwa Waswahili.

Waliolinda arudhi walikuwa wakilinda urithi wa karne nyingi, na urithi huo ulistahiki walinzi. Hata hivyo, shutuma ya kuazima ilisahau jambo moja. Nyimbo na tungo za bara, zikiwemo za watu wa ziwa waliotumbuiza kwa zeze la enanga, hazikupimwa kwa mizani minane minane wala kufungwa kwa vina vya kati na vya mwisho. Zilikuwa na mapigo yao mengine. Mkerewe aliyeandika shairi bila ya vina alikuwa ameazima ng'ambo, ndiyo, lakini pia alikuwa amechukua cha nyumbani. Arudhi yenyewe, tukitaka kuwa wakweli, ina jina la Kiarabu. Nayo iliwahi kushuka pwani kama mgeni, ikalelewa hata ikawa mwenyeji. Kezilahabi alifariki dunia tarehe 9 Januari 2020. Mashairi yake yalikwisha kutoka kwa Kiingereza mwaka 2015 kwa tafsiri ya Annmarie Drury, na *Rosa Mistika* ikafuata mwaka 2025 kwa tafsiri ya Jay Boss Rubin.

Turudi kwa kitabu cha Kitereza, kwani safari yake haikuishia Dar es Salaam. Wilhelm Möhlig, mtaalamu wa lugha za Kiafrika katika Chuo Kikuu cha Köln, alikisoma kwa Kiswahili, akakifasiri kwa Kijerumani katika juzuu mbili, za mwaka 1991 na 1993. Kifaransa kikafuata mwaka 1996. Mwaka 2002 ikawa zamu ya Kiingereza, na aliyeifanya kazi hiyo ni Ruhumbika, yule yule aliyekuwa amemvusha Fanon. Safari hii hakufasiri kutoka Kiswahili. Aliurudia mswada wa Kikerewe wa mwaka 1945, na tafsiri yake ikachapishwa na Mkuki na Nyota. Watu wa kisiwa kimoja walikuwa wamefanya njia mbili: mmoja kuileta dunia ndani, mwengine kuitoa Ukerewe nje, na katika kitabu hiki njia hizo zikakutana.

Hapa ndipo hesabu ya faida na gharama inapofaa kufanywa kwa insafu. Faida ni kubwa. Bila ya Kiswahili kitabu hiki kingeliweza kuliwa na mchwa Kagunguli. Kiswahili ndicho kilichokuwa kivuko; Mjerumani hakuweza kukifika kisiwa isipokuwa kwa kupitia lugha ya pwani. Hilo ni jambo la fahari, na ni fahari nzuri kuliko ile ya kuhesabu mamilioni ya wasemaji. Lugha kubwa huonyesha ukubwa wake kwa kuwavusha wengine.

Lakini ipo gharama. Mwaka 2002 mtu aliyetaka kuyasoma maneno ya Kitereza karibu kabisa na yalivyotoka katika kalamu yake aliyasoma kwa Kiingereza, na asili yenyewe bado ilikuwa mswada. Dibaji ya mwandishi ilikuwa imesema wazi kusudio lake: kuihifadhi lugha na mila za wazee kwa ajili ya vijana wa kwao. Mijerumani na Mifaransa ya mbali imekisoma. Kijana wa Nansio amekisoma kwa lugha ya skuli. Lile alilolitaka kwanza ndilo lililochelewa kuliko yote. Kosa hilo haliwezi kutupiwa mfasiri mmoja wala mchapishaji mmoja. Limetokana na desturi ya kuihesabu lugha kwa wateja wake.

Wala wasidhani watu wa pwani kwamba jambo hili ni la bara peke yake. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alichapisha riwaya yake ya *Paradise* mwaka 1994 kwa Kiingereza. Alipotunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2021, riwaya hiyo ilikuwa bado haisomeki kwa lugha ya mitaa aliyozaliwa. Ilisomeka mwaka 2022, kwa jina la *Peponi*, kwa kazi ya Ida Hadjivayanis. Miaka 28 ilipita kabla ya kitabu cha kisiwa kurudi kisiwani. Cha Kitereza kilichukua miaka 35 kutoka kisiwani kufika pwani. Mmoja aliandika kwa lugha kubwa mno, mwengine kwa lugha ndogo mno, na wote wawili walimngojea mfasiri.

Basi anayetaka kuizunguka dunia kwa vitabu na aizunguke. Ni elimu, na ni raha isiyo na majuto. Afikapo Tanzania asiharakishe kuchukua kitabu kilicho karibu na mlango. Aulize kimeandikwa kwa lugha gani kwanza, ni nani aliyekivusha, na kwa miaka mingapi kilingoja ng'ambo. Na walio na uwezo wa matbaa, wawe Mwanza, Dar es Salaam au Unguja, wana kazi moja iliyo wazi mbele yao: kila Mkerewe aweze kukinunua kitabu cha Kitereza Nansio, kwa Kikerewe, kwa bei ya mvuvi.